Hita ya Kupigiwa Simu

Maskati ni mji wa kuomba kivuli. Mwaka mzima, isipokuwa wiki chache, watu wanatoka mbio kwenye nyumba yenye kiyoyozi wanaingia kwenye gari lenye kiyoyozi, na hapo katikati wanamtaja Mungu. Ndiyo maana Bi Mahbuba alipowaambia mashoga zake kwamba Ghassan, mwanawe aliyeko Uswidi, anamletea baba yake chombo cha kuwashia hita kwa simu, walicheka mpaka kahawa ikawatokea puani.

"Hita? Hapa Bawshar?" mmoja akauliza. "Mwambie atuletee na theluji basi."

"Theluji keshaileta," akajibu Bi Mahbuba. "Imekwama uwanja wa ndege, haina viza."

Alicheka nao, maana alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kulia akishabaki peke yake. Lakini baridi ilikuwapo kweli. Nyumba ilikuwa ya binti yao Muhsina, villa ya ghorofa mbili, na mkwe wao alikuwa na joto la mwili lisilokwisha. Kiyoyozi chake hakizimwi hata Januari. Mzee Amur, mumewe Bi Mahbuba, kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani. Alivumilia msimu mmoja. Wa pili akabeba msala wake wa kusalia na redio yake, akahamia uani kwenye mulhaq, kile chumba cha pembeni ambacho watu hujengea madereva na wageni. Kuta nyembamba, sakafu ya vigae, dirisha la alumini la kusukuma. Jua likishazama nyuma ya milima, mle ndani mnakuwa kama tumboni mwa mtungi. Mzee akawa analala na kofia, soksi na shali mbili, na alfajiri anakohoa mpaka kuku wa jirani wanamjibu.

"Rudi ndani," Bi Mahbuba alimwambia.

"Ndani kuna baridi ya kununua. Hii ya bure naistahamilia."

Basi naye akaburura godoro lake akamfuata.

Sasa Ghassan. Baina ya Ghassan na baba yake palikuwa na yamini, kiapo cha mzee.

Mzee Amur alitoka Unguja angali kijana, baada ya yale mambo ya sitini na nne. Akahangaika Mombasa, akahangaika Dubai, na milango ya Oman ilipofunguliwa miaka ya sabini akaingia na mke na mtoto mchanga, akabusu ardhi palepale alipoteremkia, mbele za watu. Toka siku hiyo neno lake lilikuwa moja: tumefika kwetu. Watoto wakichekwa mtaani kwa Kiarabu chao cha kuvunjikavunjika, wanarudi wanalia, yeye anawafuta machozi na kuwaambia, kwetu hapa. Ghassan akakua, akasoma, akaenda Uswidi kusomea umeme, akakaa hukohuko. Mwaka tisini na tisa baba akampigia simu kumwambia kwamba amemposea mke. Ghassan akatoa jawabu ambalo labda hakulipima.

"Baba, kwangu mimi ni huku. Maskati ni kwenu. Na hata si kwenu, mnaambiana tu."

Mzee Amur aliweka mkono wa simu chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Wallahi," akasema, "sauti ya mtoto huyu haiingii tena masikioni mwangu."

Kiapo kina njia ya kufunguliwa. Mtu analisha maskini kumi wakashiba, hiyo ndiyo kafara yake, na mambo yamekwisha. Mwengine angeapa asubuhi akapika jioni. Lakini kupika ni kukiri kwamba unataka kurudi nyuma, na hapo ndipo Mzee Amur alipokwama. Yamini akaitunza kama alivyoitamka, haikuzidi wala haikupungua. Alichokataza ni sauti. Picha za Ghassan alizitazama, hata vumbi alizifuta. Habari zake alizisikiliza kwa mdomo wa mkewe. Ila simu ikilia, Bi Mahbuba akasema "Ghassan huyo," mzee huyo kashika mkongojo, katoka.

Bi Mahbuba alijaribu hila. Siku moja aliifungua sauti ya simu chumba kizima kisikie. Mzee akatia vidole masikioni kama mwadhini, akatoka hivyohivyo mpaka uani, akapiga teke ndoo. Siku nyengine alimwekea kaseti ya mawaidha ambayo katikati yake alikuwa amemwomba Ghassan atie salamu. Ghassan, kwa bahati mbaya, alikohoa kwanza. Mzee akaizima redio palepale.

"Shekhe huyu," akasema, "anakohoa kama watu wa kwetu."

Na Ghassan kule aliko hakuwa na raha. Kila Ijumaa anampigia mama yake, na mazungumzo yakimwishia anasimulia baridi ya huko. "Asubuhi gari limeganda, mama. Kabla sijatoka kitandani nalipigia simu, hita yake inawaka, nikishuka nakuta kiti kina moto. Hata kibanda chetu cha msituni, siku ya kwenda nakipigia mapema."

"Gari unalipigia kila asubuhi," akasema Bi Mahbuba, "na mamako Ijumaa kwa Ijumaa. Basi nami nitie magurudumu."

Ghassan akacheka, kisha akauliza, "Baba bado analala mulhaq?"

"Bado."

"Anakohoa?"

"Majirani wanajua saa kwa kikohozi chake."

Hapo ndipo lile sanduku lilipozaliwa. Lilikuja mwaka elfu mbili na tano na msafiri, kijisanduku cheupe ukubwa wa kopo la maziwa, na fundi wa kukifunga akatoka mtaa wa Hamriya, Mkenya aitwaye Elijah, mrefu mpaka anainama mlangoni. Akakigongomea ukutani juu ya hita mpya aliyokuja nayo.

"Mama, hii kitu ni rahisi," Elijah akaeleza. "Ndani iko na laini ya simu. Kijana wako akipiga kutoka huko, haishiki, inamkatia tu. Ni kama kuflashi. Ikishamkatia, hita inawaka, na hii taa nyekundu inawaka."

"Na akisahau?"

"Chumba kikipoa, sanduku inamtumia meseji, chumba kiko baridi. Halafu anapiga." Elijah akakuna kichwa. "Kusema ukweli, mama, inaweza kujiwasha yenyewe bila mtu. Lakini alinipigia akasema nisiiweke hivyo. Anataka kupiga mwenyewe."

Bi Mahbuba akasema anakwenda kumchemshia chai. Jikoni akajifuta macho kwa pindo la kanga, akarudi na uso wake wa kila siku. Mzee Amur alikuwa amekaa kitandani anakikodolea kile kijisanduku.

"Hiki nini?"

"Saa," akasema Bi Mahbuba bila kupepesa. "Saa ya hita. Inajua yenyewe wakati wa baridi."

"Imetoka wapi?"

"Hamriya."

Mzee akamtazama fundi. Fundi akaitazama bisibisi yake.

"Allah aibarik," akasema mzee, akarudi kwenye redio.

Msimu ule wa kwanza ulikuwa mtamu. Kila siku baada ya magharibi sanduku linatoa mlio mdogo, tak, taa inawaka, na baada ya muda chumba kinaanza kunukia joto na vumbi lililoungua. Kikohozi kikapungua. Ghassan anampigia mama yake, sauti ya chinichini kama mwizi: "Imewaka?"

"Imewaka."

"Baba anasemaje?"

"Anasema saa hii haikosei."

Msimu wa pili mambo yakageuka. Taa ikawa inawaka alasiri. Kisha ikawa inawaka mchana, jua liko nje, kuku wamelala kivulini. Ghassan akapiga simu ana wasiwasi. "Mama, meseji haziishi, baridi, baridi, baridi. Mnaishi ndani ya friji?"

Bi Mahbuba akamshika Violeth. Huyu alikuwa binti wa Kitanzania, mtu wa Bukoba, akifanya kazi kwa Muhsina, mwenye ulimi wa kumtosha Bi Mahbuba. Na kwa sababu hiyo wawili hao walipendana.

"Violeth! Umeacha tena dirisha la babu wazi."

"Bibi, dirisha lile nimelifunga kwa mikono yangu na komeo nimetia."

"Basi kalifungua shetani."

"Shetani wa nyumba hii namkorogea uji kila asubuhi," Violeth akasema. "Ana mkongojo na kofia."

Kesho yake, baada ya alasiri, Bi Mahbuba akavua ndara zake akanyatia mpaka mlango wa mulhaq, akachungulia pale unapoachana na fremu. Mzee Amur alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, kifua wazi ndani ya fulana, shali zimekunjwa vizuri kitandani. Dirisha kalisukuma kwa ncha ya mkongojo mpaka mwisho, na upepo wa kutoka milimani unaingia kama mwenye nyumba. Alikuwa ametega macho kwenye sanduku kama mtu aliyeambiwa mgeni yuko njiani. Kikohozi kikimjia anakizibia kwenye kitambaa, kisisikike nje.

Akangoja. Na Bi Mahbuba nje akangoja.

Tak. Taa nyekundu ikawaka.

Mzee akanyoosha mgongo, akaweka kiganja kifuani. "Waalaykum salaam," akasema. "Waalaykum salaam warahmatullah."

Kisha akavuta dirisha, akajifunika shali zake, akajilaza.

Bi Mahbuba alibaki amesimama na ndara mkononi. Angeweza kuingia akamcheka mpaka siku ya mwisho. Hakuingia. Kwa miaka ile yote, baba na mwana hawajapata kukaribiana kama hivi: yamini ilikuwa ya masikio, na ulimi hakuna aliyeufunga. Akimwambia Ghassan, Ghassan atapiga simu ya kusema, mzee ataona haya, na dirisha litafungwa. Akarudi jikoni kwa vidole vya miguu.

"Dirisha liache," akamwambia Violeth.

"Babu ataumwa, bibi."

"Babu anapata dawa yake."

Ikaingia Januari ya elfu mbili na saba, na Januari ile ikaleta mvua. Mabonde yakashuka maji, barabara zikafungwa, watu wa Bawshar wakatoa magari yao kwenda kutazama, maana mvua Maskati ni tamasha. Mzee Amur alifungua dirisha na mvua ikamnyea mabegani. Kikohozi kikashuka chini zaidi, kikawa na mlio wa maji. Wakampeleka hospitali, akakaa huko siku kadhaa, daktari akasema pafu limejaa na umri nao umo. Mzee akaomba arudishwe nyumbani. Muhsina akamtandikia chumba cha wageni, kikubwa, chenye zulia. Mzee akatikisa kichwa.

"Mulhaq," akasema.

Ijumaa asubuhi, mkewe akiwa anampangusa uso, akamwita jina lake. Hakuwa na desturi hiyo. Miaka yote alimwita Mama Muhsina.

"Mahbuba."

"Labeka."

"Ile saa yako."

"Ina nini?"

"Fundi aliniambia siku ileile. Wewe uko jikoni unachemsha chai."

Bi Mahbuba akaacha kitambaa. "Muda wote huo! Na mimi nadanganya bure?"

"Ulikuwa unadanganya vizuri. Nikaona haya kukukatiza."

Wakacheka wote wawili, mpaka kicheko chake kikageuka kikohozi na ikabidi amwinue. Alipotulia akasema, "Nataka nimsikie."

Bi Mahbuba akanyakua simu. Mzee akamshika kifundo cha mkono, na mkono ule haukuwa na nguvu ya kushika kitu.

"Kafara kwanza. Watu kumi wale washibe. Ndipo."

"Bwana wee, msikie sasa hivi, watu watakula baadaye. Inafaa hivyo pia, wewe mwenyewe ndiye uliyenisomesha."

"Najua inafaa. Neno hili nimeliweka kwa taratibu miaka yote hii, mama. Nataka kulifungua kwa taratibu."

Basi nyumba ikaamka. Bi Mahbuba akampigia Ghassan: "Usiachane na simu yako leo. Nikikupigia, usiniulize hali. Sema baba."

Ghassan akajibu: "Tiketi ninayo, mama. Ndege ni kesho."

"Sema baba kwanza. Ndege itafuata."

Violeth akateleka sufuria kubwa, vitunguu vikalia kwenye mafuta, nyama ikaingia, mchele ukaingia. Pilau haikuwa tabu. Tabu ilikuwa maskini. Bawshar yote ni villa na magari; mwenye dhiki kubwa mtaani pale ni yule aliyeegesha gari lake juani. Wapo wajenzi wa nyumba ya njia ya pili, lakini Ijumaa wanapanda basi kwenda Ruwi na Hamriya kuonana na watu wa kwao. Muhsina akawasha gari, mama yake kando, wakazunguka wanatafuta maskini kama watu wanaotafuta ng'ombe waliopotea. Wakampata mlinzi wa jengo. Wakawapata watunza bustani wawili, wasioelewa wameitiwa nini, wakidhani wamekosa. Wakamtoa mfagiaji wa msikiti na ufagio wake. Mmoja mmoja wakajaza gari, safari mbili, wakawateremsha uani, wakatandikiwa mkeka mbele ya mulhaq. Mlango ukaachwa wazi, mzee awaone wakila.

Violeth akapakua, akahesabu migongo. "Tisa, bibi."

Bi Mahbuba akahesabu naye. Tisa.

"Bibi, na mimi je?"

"Wewe ni wa nyumbani. Tena Mkristo. Mzee ataniuliza, namjua."

"Lakini umaskini wangu ni wa kweli, bibi."

"Naujua, mwanangu. Sahani yako ipo. Hesabu ndiyo haikupokei."

Kwa mlango kukaa wazi chumba kikapoa. Tak, sanduku likalia, taa nyekundu ikawaka. Mtu kule Uswidi alikuwa amekaa na simu mkononi, meseji ikamfikia, akapiga.

"Waalaykum salaam," ikasikika kutoka kitandani, sauti nyembamba kama uzi. Kisha: "Mahbuba. Wametimia?"

Hapo ulimi wa Bi Mahbuba ulikuwa na kazi nyepesi kuliko zote ulizopata kufanya. Neno moja tu, ndiyo. Mzee hawezi kuinua kichwa ahesabu. Simu iko mkononi, namba iko tayari, kidole kiko juu yake. Mwanamke huyu alimdanganya mumewe kwa kaseti, kwa saa, kwa sukari ya chai aliyokatazwa na daktari, na hakuna hata mara moja moyo ulipomdunda. Lakini hili ndilo jambo pekee ambalo mzee alipata kumwomba kwa roho yake yote. Akaona hawezi kumpitisha juu ya uwongo aende kwa mwanawe.

"Bado mmoja, bwana. Nakwenda kumleta."

"Nangoja," akasema Mzee Amur.

Akatoka na ndara moja, nyengine imempotea. Mwisho wa njia palikuwa na Mbangali, kibarua wa Bangladesh, anaosha gari la watu, ndoo pembeni, povu mpaka viwikoni.

"Taal!" Bi Mahbuba akamwita. "Taal, kula! Pilau!"

"Shwaya, mama," akasema yule mtu, yaani subiri kidogo, akamwonyesha gari. Tajiri yake anakuja kulichukua, haliwezi kuachwa na povu.

"Hakuna shwaya!" Akamnyang'anya kitambaa. Watu waliopita Ijumaa ile walimwona bibi mwenye buibui, ndara mguu mmoja, anasugua gari la mtu asiyemjua, anamwaga ndoo juu ya bati, anasema na gari lile maneno ambayo si ya kusemwa Ijumaa. Yule Mbangali mwanzo alicheka. Alipomtazama usoni akaacha kucheka, akashika upande wa pili, akasugua haraka. Walipomaliza, Bi Mahbuba akamshika mkono wa kanzu, wakaenda wanakimbia, ndoo tupu inagongagonga njiani.

Langoni akasikia sauti ya Muhsina.

Wale tisa walikuwa wamesimama juu ya mkeka, mikono yao ina wali, hawajui waunawe au waombe dua. Violeth alikuwa ameketi kizingitini, aproni usoni. Mtu wa kumi akabaki na ndoo yake katikati ya uwanja, hajui akae au aondoke. Akaondoka.

Simu ilikuwa bado mkononi mwa Bi Mahbuba, namba bado iko pale.

Wakamzika jioni ileile, kama ilivyo ada. Ghassan alifika amevaa koti zito la huko aliko, akakuta watu wamekaa matangani na kaburi limekwisha kauka juu. Alikuwa ameota mvi. Mama yake alikuwa amekwisha kaa eda, naye alichagua kuikaa mulhaq. Muhsina alipopinga, akamwambia amezoea kelele za kuku.

Ghassan aliingia siku ya pili na bisibisi. Hakukaa. Akaenda moja kwa moja ukutani, akaanza kufungua parafujo.

"Unafanya nini?"

"Sanduku bovu hili ndilo lililomuua." Hakugeuka. "Nilijua lina kasoro, mama. Mchana kutwa linaniambia baridi, na nyinyi huko mna jua. Nilikuwa niagize jengine. Nikasema baada ya mwezi, nikasema baada ya mwezi." Akatoa simu yake mfukoni, akaibofya, akamwonyesha: meseji moja chini ya mwenziwe, zote neno lile lile, chumba kina baridi, chumba kina baridi, zinashuka na kushuka hazifiki mwisho.

Bi Mahbuba uwongo alikuwa nao, tena ulikuwa mzuri. Aseme naam, bovu. Aseme kudra ya Mungu. Lawama yote ikae juu ya plastiki. Aliugeuza mdomoni akaukuta hauna ladha.

"Lirudishe ukutani," akasema. "Ni zima hilo, halina kasoro."

Akamsimulia. Dirisha, ncha ya mkongojo, shali zilizokunjwa kitandani. Akaweka kiganja kifuani kama alivyoweka mwenyewe, akasema alivyosema.

Ghassan alikuwa amekwisha kaa chini, juu ya vigae, mgongo ukutani. "Lakini mimi sikuwa nikisema kitu, mama. Napiga tu, linanikatia."

"Yeye alikuwa anaitikia."

"Kila mara?"

"Kila nilipomwona. Na nisipomwona, nadhani hivyohivyo."

Ghassan akauliza, macho sakafuni, "Na wewe ulimwona na dirisha wazi, ukamwacha?"

Mtu aliyemjua Bi Mahbuba angengoja utani hapo. Haukuja.

"Nilimwacha," akasema.

Ghassan hakumlaumu wala hakumwambia haidhuru. Alisogea kwa magoti akaweka kichwa mapajani mwake, jitu zima, na mvi zake, na koti lake la theluji, na Bi Mahbuba akampapasa mpaka mkono ukafa ganzi.

Siku ya kuondoa tanga Violeth akaja mlangoni. "Bibi, yule mtu wa ndoo yuko nje. Amesimama tu, hasemi."

"Siku ile hakula."

"Hakula."

"Mpakulie. Hakikisha ameshiba. Muulize, shabaan? Asipokwambia shabaan, mwongeze."

Ghassan akatoka, akakaa naye mkekani. Kutoka ndani Bi Mahbuba alimwona mwanawe akimtilia nyama yule Mbangali kwa mkono wake mwenyewe, akimsogezea maji, akimtazama anavyokula tonge baada ya tonge kama mtu anayeangalia mlango. Yule mtu akala. Akasukuma sahani, akaweka mkono tumboni.

"Shabaan," akasema. "Alhamdulillah."

"Kumi," Bi Mahbuba akasema peke yake.

Ghassan, palepale uani, akatoa simu yake mfukoni, akapiga namba anayoijua kwa moyo, akaiweka sikioni ingawa hakuna cha kusikia.

Ndani, tak. Taa nyekundu ikawaka.

Bi Mahbuba, ambaye maisha yake yote hakupata kukosa la kujibu, akafungua mdomo. Akatazama upande wa kitanda cha mzee. Akaufunga mdomo. Salamu haikuwa yake. Hita ikaanza kupata moto, chumba kikaanza kunukia vumbi lililoungua, na nje mwanawe bado ameiweka simu sikioni.